Moto Tuliovuka Nao Korongo

Jana asubuhi alikuja mwanamke mlangoni kwangu ameshika kigae cha chungu. Ni mmoja wa wale walioletwa hapa kijijini na malori mwezi uliopita, wakashushwa kando ya shule na kuku wao na vitanda vyao, wakaonyeshwa vigingi, wakaambiwa haya, hapa ndipo kwenu. Alinisalimia vizuri, shikamoo bibi, nikaitikia marahaba, na kabla sijamuuliza wameamkaje, mke wa mjukuu wangu akatokea jikoni na mwiko mkononi.

"Unataka nini?"

"Naomba moto, dada. Kiberiti chetu kimelowa."

"Duka lile pale. Kanunue kingine."

Mwanamke akatazama dukani, akatazama kigae chake, akakiweka chini taratibu kama mtu anayerudisha kitu cha watu. Akaenda zake bila kuaga.

"Hawa ukiwazoesha, bibi," mke wa mjukuu wangu akaniambia, "leo moto, kesho kisima."

 Ningemkemea kwa mdomo gani? Wiki iliyopita kwenye mkutano wa kijiji tuliulizwa kama wageni wateke maji baada yetu, na mikono iliyonyooshwa ilikuwa mingi kama mashuke ya uwele. Sitakuficha, rafiki yangu: na mkono wangu ulikuwemo. Tena niliunyoosha juu kuliko wote, maana mimi ndiye mkongwe wa hapa na watu hunitazama.

Basi nikakiokota kile kigae, nikakaa nacho mapajani. Kilikuwa na masizi upande mmoja. Nikakinusa. Sasa usinicheke, nimehitimu kisomo cha jioni mwaka huu, cheti kimetundikwa juu ya mtungi, na mwalimu wetu, kijana ambaye ningeweza kumzaa mama yake, alisema mtu aliyesoma haamini mambo ya kunusa. Lakini nilikinusa, na papo hapo nikawa mtoto wa miaka saba, au minane. Enzi za Mdachi nani alihesabu? Meno yangu ya mbele yalikuwa yametoka na hayajarudi, hiyo ndiyo hesabu yangu.

Tulikaa mwendo wa siku mbili kusini ya hapa, kwenye tembe la baba yangu. Kisomoni mimi husema siku saba, inapendeza zaidi. Tembe lile lilikuwa refu, mpaka ukiingia mlango wa mashariki una njaa, unatokea wa magharibi umeshashiba. Paa lilikuwa la udongo, tambarare, juu yake tulianika mlenda na maboga, na mbuzi wakipanda, bibi yangu mzaa baba alikuwa akiwatukana kwa majina ya babu zao. Asubuhi ilianza na jiwe la kusagia uwele, kruu, kruu, kisha kibuyu cha maziwa kikitikiswa, kisha sauti ya bibi: "Njoo upulize."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, kupuliza moto wa bibi. Moto ule haukuwahi kuzimika. Bibi alipewa na mama mkwe wake siku alipoolewa, naye alipewa na mama mkwe wake, na kila mmoja aliulaza usiku na kuuamsha asubuhi. Kuulaza ni ufundi. Jivu laini chini, kaa moja la mti mgumu katikati, mavi makavu ya ng'ombe yaliyovunjwa kwa kiasi juu yake, kisha jivu tena, na mahali padogo pa kupumulia. Ukibana sana unakufa. Ukiacha wazi unajila wenyewe. Bibi alifanya hayo bila kutazama, huku akiongea habari za watu. Mimi kazi yangu ilikuwa pumzi tu, na nilijiona mkubwa kuliko mtemi.

Ndipo akaja Mzungu wa kupima. Alikuwa mwekundu kama kichuguu, na alikuwa na kitu chenye miguu mitatu na jicho moja, anakiinamia kama anayekinyonya. Watu wake walivuta mnyororo na kupigilia vigingi, na kigingi kimoja wakakipigilia katikati ya zizi letu, ng'ombe wakikinusa. Bibi akatoka.

"Hicho ni nini?"

Mkalimani, kijana wa pwani mwenye kofia, akasema, "Gari la moshi litapita hapa."

"Basi lizunguke," bibi akasema. "Ng'ombe wenyewe huzunguka."

Mkalimani akacheka, hata hakumtafsiria Mzungu. Wakaendelea. Bibi alisubiri mpaka mnyororo umefika kichakani, akakitikisa kigingi kulia, kushoto, akaking'oa. Akakigonga kwa ukucha. "Mti mzuri huu," akasema, akakitia motoni. Kiliivisha sufuria mbili za mlenda, na kaa lake lilikuwa gumu, likashika moto siku nzima. Bibi akalichagua lile lile kulilaza usiku.

Hatukujua kwamba Mdachi huhesabu vigingi vyake. Wakaja askari wanne, mmoja ana sharubu ambazo kuku wawili wangelala juu yake, na akida juu ya punda. Nani ameng'oa? Bibi akasogea mbele, lakini baba alikuwa ameshasogea kumpita. "Mimi," baba akasema.

Wakamlaza pale pale zizini. Hamsa ishirini. Nilijua kuhesabu mpaka kumi tu, kwa hiyo nilihesabu kumi, nikaanza upya, nikahesabu kumi, nikaanza upya, nikafika tano, kiboko kikanyamaza. Hapo sitii chumvi. Halafu wakapanda juu ya tembe na majembe, wakaanza kubomoa paa. Udongo ulianguka ndani juu ya vyungu. Baba akauliza, bado amelala kifudifudi, "Tuende wapi?"

"Nchi ni kubwa," akida akasema, akampiga punda wake.

Ndiyo tukaondoka, baba akitembea ameinama kama anayetafuta kitu chini, mama na mtungi, mbuzi sita, ng'ombe wanne, na bibi na chungu chake cha moto kichwani juu ya kata ya nguo. Tulikuwa tunakwenda huku kaskazini kwa sababu baba alikuwa na rafiki, mtu ambaye zamani walibadilishana fahali wakachanjiana urafiki. Kila tulipopumzika, bibi alifunua chungu, akaongeza mavi makavu, akaniita. Napuliza. Anafunika. Baba hakusema kitu juu ya moto ule uliokuwa umemlia ngozi ya mgongo.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo mambo yalipo. Nchi za watemi zilikuwa na mipaka yake, na Mdachi hakuichora wala hakuijua. Mpaka wa huku ulikuwa ni lile korongo la mchanga, unaliona mpaka leo, ng'ombe wanashukia pale. Na desturi ilikuwa moja: ukiingia nchi ya mtemi mwingine unamwaga moto wako kwenye mpaka, unaingia na jivu baridi, unapewa moto wa kule. Mvua ya nchi na moto wa nchi vilikuwa vitu vya nyumba moja. Kuingiza moto wa kigeni ni kumwaga sumu kisimani.

Tulikuta watu wametungoja. Mbele alisimama dada wa mtemi, mwembamba, mikono imejaa waya za shaba mpaka kwenye kiwiko.

"Mbukwenyi, watu wa reli," akatusalimia. Jina lilikuwa limetutangulia.

"Mbukwa," baba akaitikia.

"Mwageni."

Bibi akatua chungu, akakimwaga mchangani, akaukanyaga moto kwa nyayo zake mwenyewe mpaka ukanyamaza. Alifanya vizuri mno. Mama alilia. Mimi sikulia, kwa sababu nilikuwa nimebeba kijungu changu cha kuchezea, kile cha udongo alichonifinyangia bibi, kimefunikwa majani ya mlenda, na ndani yake mlikuwa na kaa la kigingi limelala kwenye jivu. Bibi alinipa kabla ya kilima cha mwisho. "Ukikohoa," aliniambia, "nakuacha hapa fisi wakuoe." Nani anapekua kijungu cha mtoto? Dada wa mtemi alinipita, sketi yake ya ngozi ikagusa bega langu, na joto la kijungu lilikuwa linanichoma tumbo. Kovu ninalo. Halionekani tena, ngozi yenyewe imekunjamana, lakini mimi najua lilipo.

Rafiki wa baba alitupokea kwa mdomo mzuri, akatupa mahali pa kujengea nyuma ya zizi lake. Mkewe alitupokea kwa mgongo. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwenye jicho ambalo likitazama maziwa yanaganda. Yeye ndiye aliyetuletea moto wa mtemi kwenye kigae, akauweka chini mbali na mkono wa mama, ili mama ainame. Mama akapikia moto huo. Bibi akaweka wake chumba cha ndani, cha ndama, akachimba kishimo, akaulaza humo. Hakula chakula cha moto wa mtemi hata siku moja. Alikuwa anajichemshia mlenda wake mle ndani na ndama, macho yamejaa moshi.

"Mama, tumehama," baba akamwambia. "Tufanye kama waliohama."

"Wewe umehama," bibi akasema. "Mimi nimepisha tu. Gari likishapita nitarudi."

Miezi ile, rafiki yangu, sikuwahi kuona watu wanaojua kuchukia kwa bidii kama wenyeji wetu. Wangelima hivyo wangelisha Udachi nzima. Visima vilikuwa mashimo mchangani kwenye korongo, unachimba mpaka kiuno, unangoja maji yajikusanye kama jasho. Sisi tulikuwa wa mwisho. Tukichimba chetu, mtu anakuja kusema hapo palikuwa pa marehemu mjomba wake. Tukikaa foleni, mbuzi wa watu wanatangulizwa mbele yetu, kisha punda, na nakuapia siku moja walitanguliza mbwa. Watoto walitufuata wakipiga mluzi wa gari la moshi ambalo hawajawahi kuliona.

"Watu wa reli! Limewaacha! Kimbieni!"

Siku moja jiwe likapiga mtungi wa mama, maji yote yakanywewa na mchanga kabla hata hajageuka. Mke wa mwenyeji wetu alikuwepo, akashika kiuno.

"Nchi hii ilikuwa na mvua mpaka nyie mlipoingia."

"Kumbe," mama akasema, "kabla hatujaja mlikuwa mnaogelea?"

Wanawake wawili wakacheka, wakajikaza. Lakini jioni ile mama alikaa na vipande vya mtungi akivilinganisha, kana kwamba vingeungana.

Na mvua kweli ilikataa. Mwezi wa kupanda ukaja, tukapanda kwenye vumbi. Mwezi wa kupalilia ukaja, hakuna cha kupalilia. Mawingu yalikuwa yakipanda kila alasiri upande wa mashariki, yanakusanyika, yananguruma, halafu yanaondoka kama watu waliokosa mwenyeji. Tulikula ubuyu asubuhi na ubuyu jioni. Maneno yalianza kutoka pembeni yakaja katikati: kuna moto wa kigeni katika nchi.

Ndipo mtemi akatoa amri. Siku ya tatu, kabla jua halijapanda, kila jiko katika nchi lizimwe. Halafu moto mpya upekechwe kwa vijiti nyumbani kwake, ugawiwe nyumba kwa nyumba. Wanawake watapita kutia mikono kwenye majivu. Nyumba itakayokutwa na jivu lenye joto, watu wake na mifugo yao warudi walikotoka.

Tulikotoka! Kulikuwa kumelala chuma pale. Kibarua mmoja aliyepita alikuwa ametuambia reli imeshapita zizini, na tembe limekuwa tuta.

Usiku wa kuamkia siku ile baba alipiga magoti mbele ya mama yake. Sijawahi kuona tena mwanamume mwenye ndevu amepiga magoti. "Mama, nimepigwa kwa ajili ya moto huu, sikusema. Leo nasema. Uzime. Wakitufukuza watoto watafia njiani."

Bibi alimgusa mgongoni pale penye makovu, akayapapasa moja moja. Halafu akasema, "Huu si wa hapa. Amri ya mtemi wao haiuhusu."

Asubuhi tukawasikia wanakuja, waya za shaba za dada wa mtemi zinagongana. Mama alikuwa amezima jiko lake, jivu limetandazwa. Bibi alitoka nje, akasimama mlangoni wima kama nguzo, tayari kwa lolote. Nikabaki mimi chumba cha ndama. Nikafukua kidogo kwa kidole. Lilikuwepo, jekundu, linapumua. Nikatafuta maji. Mtungi ulikuwa mkavu, maana jana yake foleni ilikuwa imeishia kwetu na kisima nacho kimekauka kabla ya zamu yetu. Nikatia mchanga, moshi ukatokea pembeni. Nikasikia sauti ya mke wa mwenyeji wetu mlangoni: "Nitaingia mimi."

Nilikuwa na maji mahali pamoja tu. Nikachuchumaa.

Nisamehe, wewe unayesoma hapo umevaa miwani. Nimelizunguka jambo hili miaka yote, hata marehemu mume wangu sikumwambia. Lilifanya tsss, refu, kama paka, na mvuke ukanipanda usoni na harufu yake. Moto wa wakwe za bibi wote, wanawake ambao majina yao nilikuwa nayajua kwa wimbo, niliuzima hivyo.

Mwanamke akaingia. Akainama, akatumbukiza mkono jivuni mpaka kwenye kifundo. Akautoa, akaunusa. Akalitazama lile kaa jeusi linalotoa moshi mwembamba, akanitazama mimi, mguu wangu umelowa. Alijua. Alikuwa mwanamke aliyelaza moto maisha yake yote, angeshindwaje kujua? Nikangoja apige yowe.

"Ni wewe?" akauliza taratibu.

Nikatikisa kichwa, ndiyo.

Akaufuta mkono wake kichwani kwangu, jivu lote na uchafu wote, akaufuta vizuri, mbele na nyuma. Akatoka.

"Humo hamna moto," akawaambia wenzake. "Humo mna choo."

Wanawake wakacheka mpaka waya za dada wa mtemi zikalia. Wakatupita, wakaenda nyumba ya pili. Bibi hakucheka. Aliingia, akachuchumaa kwenye kishimo, akalitoa lile kaa, akalipima mkononi kama yai. Nilidhani atanipiga. Nilitaka anipige.

Jioni uliletwa moto mpya, mama akapika, na bibi akaja akaketi nasi, akanawa mikono, akamega tonge kwenye chungu cha mama kwa mara ya kwanza. Akatafuna kwa muda mrefu.

"Basi," akasema. "Sasa tumehama."

Hakuniita tena asubuhi. Niliamka kila siku saa ile ile nikangoja, njoo upulize, hakuna. Aliishi miaka miwili zaidi, mtu mpole, anayekula anachopewa.

Kisomoni niliandika kwamba mvua ilinyesha siku ile ile, radi zikapasua mawe, na mwalimu alinipigia makofi. Uongo mtupu. Ilichelewa, ikaja kidogo, tukavuna vikapu viwili. Wenyeji hawakutushukuru wala hawakutuomba radhi. Kwenye foleni ya kisima tulisogezwa nafasi moja mbele, baada ya punda na kabla ya mbwa. Nilikua hapo hapo. Nikaolewa na mtoto wa yule yule mwanamke, akawa mama mkwe wangu, akanitukana kila siku ya Mungu kwa ugali mbichi, ugali mgumu, ugali mwingi. Lakini lile hakulisema mpaka anaingia kaburini. Siku aliponipa moto wa nyumba yake alinitazama kidogo, akasema, "Huu uangalie," basi.

Na huo nao uko wapi? Viberiti vilipofika, nikauacha ufe siku moja nilipokwenda kwenye msiba. Sikukumbuka hata kuusikitikia. Leo kila nyumba ina kiberiti, hakuna anayehitaji kumwomba mwenzake kitu, na hakuna wa kukusimamisha korongoni akuambie mwaga. Unaingia na vyako vyote, kisha unachukiwa tu, bila siku ya kumalizia.

Nilikaa na kigae mpaka jua likageuka. Halafu nikaingia jikoni, mke wa mjukuu wangu akitazama, nikachagua kaa zuri. Nikatandika jivu. Nikafuata ng'ombe nyuma ya zizi, nikaokota mavi makavu, nikayavunja, nikafunika, nikaacha mahali pa kupumulia.

"Bibi, unakwenda wapi na moto juani?"

"Kwa watu."

Kutoka kwangu mpaka kwenye vigingi vyao si mbali, mtoto angekwenda na kurudi mara kumi. Mimi nilipumzika mara tatu, na kila mara nikapuliza, lakini pumzi ya sasa ni ya kuzimia mshumaa. Watoto wao waliniona, wakakimbilia ndani. Yule mwanamke akatoka, akasimama kama mtu anayengoja kufukuzwa. Sufuria yake ilikuwa juu ya mafiga matatu mapya, chini yake hakuna kitu.

"Nimekuletea kigae chako," nikasema.

Akakipokea kwa mikono miwili, akafukua jivu kwa kidole, taratibu, mpaka chini. Akainua macho.

"Bibi," akasema, "umezimika."

"Najua, mwanangu," nikamwambia. "Nilisahau namna ya kuulaza."